Cherero wa Mwanza na cherero wa Dodoma: anza na kichwa

Wageni wakishuka Mwanza hupiga picha za kasuku wadogo wa kijani, kisha huziandikia jina la ndege wa mkoa mwingine. Siwashangai. Cherero wa Fischer, ambaye kwao ni huku kusini mwa Ziwa Victoria hadi Serengeti, na cherero wa shingo ya njano, anayeanzia Manyara kuelekea Dodoma na Iringa, ni ndugu wa karibu mno. Wote ni wafupi, sentimita 15 hivi, wana mdomo mwekundu na duara la ngozi nyeupe kuzunguka jicho. Hata majina yao ya kisayansi yalitolewa na mtu mmoja mwaka mmoja: Mjerumani Anton Reichenow, 1887.

Kwa hiyo achana na kijani, tazama kichwa. Fischer ana uso wa rangi ya chungwa lililoiva, nayo hufifia ikishuka kifuani. Mwenzake ana kichwa cheusi, na chini yake njano iliyokoza inayozunguka shingo hadi kifuani. Basi. Usijisumbue kutafuta dume na jike, wanafanana. Makinda ndiyo yanayochanganya, kwa sababu rangi zao zimepooza na mdomo una weusi kwenye shina. Hapo usikisie, subiri uwaone wakubwa wao.

Mimi hupenda kuwafuata asubuhi, jua halijawa kali, pembeni mwa mashamba ya mtama upande wa Magu. Masikio hutangulia macho: sauti nyembamba, kali, halafu kundi linapita kwa kasi na kutua chini kuokota mbegu za nyasi. Ukiuona mti mkavu wenye matundu, kaa mbali kidogo utulie. Humo ndimo wanamozalia, na jike hubeba vipande vya magome kwa mdomo kwenda kutandika. Wenye mashamba, nawaomba sana: mti wa namna hiyo msiukate kuni.

Je, ukimwona mwenye kichwa cheusi hapa mjini? Huyo kuna uwezekano mkubwa ametoka kizimbani. Porini kila mmoja ana eneo lake, lakini wakiachiwa pamoja huzaliana. Kule Naivasha, Kenya, machotara wao wapo. Ndiyo maana naumia nikisikia mtu amefungua kizimba kwa huruma. Kama unaye na humtaki tena, wapigie Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA.

Na ukiuziwa Fischer barabarani, kataa. Miaka ya 1980 walinaswa kwa wingi mno na kusafirishwa nje ya nchi, idadi yao ikashuka, na mpaka leo wamo kwenye orodha ya ndege wanaokaribia kuwa hatarini. Anayekuuzia mmoja leo, kesho atarudi na ulimbo kwenye mti uleule.