Jibu: Alfa ya Cronbach imetoka 0.31

Habari ndugu. Umesema dodoso la Rosenberg la kujithamini, maswali 10, limekupa alfa 0.31 (kipimo cha jinsi majibu ya maswali yanavyoendana; hiyo ni ya chini sana) na msimamizi amekurudishia sura ya nne. Usifute swali lolote kwanza. Kama umefuata mpangilio wa kawaida, angalia namba 2, 5, 6, 8 na 9: yameulizwa kwa upande hasi, lazima alama zigeuzwe, 1 iwe 4, 2 iwe 3, 3 iwe 2, 4 iwe 1, kisha upige hesabu upya. Mimi nilisahau hilo nikahangaika wiki nzima.

Alfa ikibaki chini, chunguza namba 8. Wahojiwa wangu walisoma “natamani ningejiheshimu zaidi” kama sifa njema, wakakubali karibu wote. Sijaona data yako, ila tafsiri ya sentensi hiyo ningeikagua neno kwa neno.