Maswali ya Wasomaji: Siku 8 za Cheti cha Ndui

SWALI: Katika makaratasi ya zamani ya safari za meli nimekuta cheti cha kimataifa cha chanjo ya ndui, kilichoandikwa kwamba kinaanza kutumika siku 8 baada ya mtu kuchanjwa mara ya kwanza na kwamba kinadumu miaka 3. Kwa nini msafiri hakuweza kuchanjwa leo akapanda meli kesho? Na aliyefika bandarini bila cheti alifanywaje?

JIBU: Siku hizo 8 zilifuata mwenendo wa chanjo yenyewe. Aliyechanjwa mara ya kwanza alitokwa na kipele palepale alipochanjwa, nacho baada ya wiki moja hivi kilikuwa kimejaa majimaji, na hapo ndipo mganga alipoweza kuthibitisha kwamba chanjo imeshika. Ngozi isipoonyesha kitu, ilibidi achanjwe upya. Lakini aliyekwisha kuchanjwa zamani na chanjo ikashika, akichanjwa tena, cheti chake kilianza kazi siku ileile.

Ama aliyefika bila cheti, kanuni ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipitisha mwaka 1951 ziliruhusu achanjwe bandarini, na akikataa awekwe chini ya uangalizi kwa muda usiozidi siku 14, zikihesabiwa tangu alipoondoka katika nchi ya mwisho aliyopitia. Naona kipengele hiki cha hesabu kilikuwa cha haki kubwa, kwa sababu siku alizokaa baharini hazikumpotea.

Zamani haikuwa hivyo. Ragusa, mji wa bandari ambao leo ni Dubrovnik nchini Kroatia, iliamuru mwaka 1377 kwamba watokao penye tauni wakae kando siku 30, na baadaye siku 40 zikawa desturi ya bandari nyingi, bila kujali ni ugonjwa gani. Kanuni za 1951 zilifuata muda ambao kila ugonjwa hujificha mwilini kabla ya dalili: kipindupindu siku 5, tauni na homa ya manjano siku 6, ndui siku 14.

Hata hivyo, ukali wa zamani haukuwa wa bure. Mwaka 1720 meli Grand-Saint-Antoine ilifika Marseille, bandari ya Ufaransa, ikiwa imefiwa na watu njiani, lakini wenye mali walitaka vitambaa vyao viwahi soko, masharti yakalegezwa, na tauni ikaua makumi ya maelfu.

Cheti cha ndui kiliachwa baada ya ugonjwa huo kutangazwa mwaka 1980 kuwa umetokomezwa. Cha homa ya manjano bado kinadaiwa na nchi nyingi: huanza kutumika siku 10 baada ya chanjo, na tangu 2016 hudumu maisha yote ya aliyechanjwa.