Kabla hujaicheka pini, panda Kitulo na mvua

Mkuu, umeuliza anayekwenda Makete, kule Njombe, kwa pikipiki kupitia Isyonje upande wa Mbeya abebe nini cha dharura, na kuna mdau hapo juu amekucheka kwa kutaja pini. Mimi napiga hiyo njia na abiria na magunia, mara nyingine nateremkia Chimala kwa zile kona za Hamsini na Saba. Pini za nepi, zile kubwa, hazibanduki kwenye kola ya koti langu, upande wa ndani.

Kule juu adui ni baridi na maji. Uwanda wa Kitulo uko zaidi ya mita 2,600, Juni na Julai unaamka majani yameganda, na ukilowa huku upepo unapiga, mikono ndiyo inayogoma kwanza. Zipu ya koti ikifa hapo, huna koti. Pini moja kifuani, nyingine shingoni, unaendelea.

Siku moja abiria wangu aliteleza kwenye tope karibu na Kikondo, mkono ukavimba pale juu ya kifundo. Kanga hakuna, bandeji hakuna. Tulimkunja mkono kifuani, tukapandisha pindo la sweta lake mpaka likaubeba mkono wote, kisha tukabana pini karibu na kiwiko na nyingine karibu na kiganja, kila moja ikipita kwenye pindo na kwenye sweta la kifuani. Vidole tuliviacha nje makusudi. Vikipauka, vikiwa vya baridi kuliko vya mkono wa pili au vikiingia ganzi, umebana mno, legeza. Akafika zahanati mkono umetulia.

Kitu cha pili ni mpira wa tyubu kuukuu, uliokatwa vipande vya upana wa vidole viwili. Kufungia mzigo kila mtu anajua. Kinachosahaulika ni moto. Kuni zote zikishalowa, karatasi haikufikishi popote, lakini kipande cha tyubu ukikifuta maji na kukipa kiberiti cha gesi kinashika, na kinawaka muda wa kutosha vijiti vyembamba vipate moto. Moshi wake ni sumu: usiuwashe ndani ya kibanda, na mahindi yako usiyachomee hapo.

Nailoni ya kujikinga mvua usiitoboe ili upitishe kamba, upepo wa kule utaichana kuanzia kwenye tundu hilo hilo. Weka kijiwe laini cha ukubwa wa gololi chini ya nailoni, kizungushie hiyo nailoni, halafu funga kamba shingoni mwake. Kadiri upepo unavyovuta ndivyo fundo linavyokaza. Hili ningeliweka namba moja kama ungeuliza kuhusu kulala porini.

Kebotai, zile kamba za plastiki za kufungia nyaya, zinasifiwa kupita kiasi. Zilianza mwaka 1958 kwa kufunga nyaya za ndege, na kwa kushika nyaya au madigadi ya pikipiki iliyolegea hazina mpinzani. Ila zilizokaa juani muda mrefu hukatika zikikunjwa kwenye baridi, kwa hiyo nunua mpya, nene. Na usiikate ovyo: ingiza ncha ya pini kwenye kichwa chake, inua kile kiulimi kidogo, vuta, utaitumia tena. Kuna mtu humu ameandika ifungwe kwenye jeraha linalovuja damu. Hapana. Ni nyembamba, itakata nyama na damu isikome. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachia, huku mnatafuta usafiri.

Waya wa kufungia nondo beba kidogo, ukishikilia bomba la moshi hauyeyuki kama kebotai. Misumari iache nyumbani. Vigingi vya hema unachonga kwa mianzi, na msumari ukidondoka njiani utauokota kwa tairi la nyuma.