Mazungumzo Hayakuvunjika: Kwa Wadogo Zangu wa Dawati la Habari

Wiki iliyopita, dakika kumi kabla ya taarifa ya saa saba mchana, nilipitia skripti ya mmoja wenu. Kichwa chake: "Mahakama ya Hague kuamua mgogoro wa Ziwa Nyasa." Nikamuuliza ni nani aliyepeleka kesi, sisi Tanzania au Malawi. Akanijibu, "Dada, kwani si ndiyo mahakama ya mipaka?" Siku mbili baadaye mwingine akaleta ya Congo, "Umoja wa Mataifa wailaani Rwanda," na sauti aliyoiweka chini yake ni ya msemaji anayesema kwamba Katibu Mkuu ana wasiwasi. Basi.

Nawapenda, na mnajua. Mnaamka saa kumi alfajiri na baridi hii ya Mbeya ya mwezi wa saba, mnakuja kufungua buletini huku mikono imekufa ganzi kwenye kibodi. Lakini makosa haya niliyaona kwa walionitangulia, na moja wapo nimelibeba tangu 2012. Nimechoka kuyafuta moja moja, nayaandika yote hapa.

1. Mkataba usomeni wenyewe. Kila mmoja wenu anajua kutaja "mkataba wa Heligoland". Nani ameufungua? Ulisainiwa Julai 1, 1890, kati ya Uingereza na Ujerumani. Ibara ya 1 inauchukua mpaka kutoka baharini hadi ziwani, halafu inaupitisha kwenye ukingo wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi mpaka mdomo wa mto Songwe. Ukingo, si katikati. Hapo ndipo Malawi inaposimamia hoja yake: kwa hesabu ya Lilongwe, ukiwa ufukweni Matema, upande wetu, na maji yamekufika kwenye vifundo vya miguu umeshavuka mpaka. Mtu wa Kyela akilisikia hilo anacheka kwanza, kisha anakasirika.

Endeleeni mpaka Ibara ya 6. Inasema mistari hiyo inaweza kurekebishwa kwa makubaliano ya pande mbili, kufuatana na mahitaji ya mahali penyewe. Mwaka 1954 Waingereza walikubaliana na Wareno, na mpaka wa upande wa Msumbiji ukawekwa katikati ya ziwa. Tanzania inauliza kwa nini kilichowezekana kule kishindikane huku. Malawi nayo inatukumbusha Cairo, Julai 1964, wakuu wa nchi za OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, walipoahidi kuheshimu mipaka iliyokuwapo siku nchi zao zilipopata uhuru. Aliyelipeleka azimio hilo ni Nyerere. Mwaka 1967 serikali yake hiyo hiyo ikaiandikia Malawi kudai mstari wa kati. Kwa hiyo mchambuzi wenu akikaa studio na kusema sheria iko wazi kabisa, angalieni anaegemea wapi: wa upande huu mpelekeni Cairo, wa upande ule mpelekeni Ibara ya 6. Mimi ni mtoto wa Rungwe na nautaka mstari wa kati kwa moyo wote. Moyo huo nauacha nje ya mlango wa studio, na ninyi uacheni hapo hapo.

2. Pimeni vitenzi. Hili nitalieleza kwa kirefu, mnivumilie.

Mwaka 2011 Malawi ilikuwa imeipa kampuni ya Uingereza, Surestream, leseni ya kutafuta mafuta ziwani. Agosti 2012 wajumbe wa nchi mbili wakakutana Malawi, wakamaliza bila makubaliano, wakasema watakutana tena. Nilikuwa na miaka miwili kazini. Nikaandika: "Mazungumzo ya Ziwa Nyasa yavunjika." Nikaona haijakolea, nikaongeza mstari wa pili: "Vikosi vyasogezwa mpakani." Mstari huo ulitoka kwa rafiki yangu aliyeona malori mawili ya jeshi pale Uyole yakikata kuelekea Tukuyu. Hajawahi kunidanganya, na siku ile pia hakunidanganya; malori aliyaona kweli. Kwamba yanakwenda mpakani, nilijaza mimi. Niliisoma mwenyewe saa saba, ikarudiwa saa kumi, ikarudiwa tena saa mbili usiku.

Siku ya tatu simu ikaingia kituoni kutoka Kyela. Ni mzee mmoja, anaongea polepole, anamtaka "yule binti aliyesoma habari ya ziwa". Hakufoka. Aliuliza tu kama mpaka umeshafunguliwa. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, mpaka haukufungwa." Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akanieleza kwamba dada yake mkubwa, aliyeolewa Karonga, alifariki usiku wa kuamkia siku ile niliyosoma habari. Mzee alikuwa ameshavaa koti. Vijana wake wakamzuia: baba, redio imesema kuna vikosi. Dada yake akazikwa bila yeye, na siku hiyo Hiace za Kasumulu, pale mpakani, zilikuwa zinapakia kama kawaida.

Nilikwenda kwake Jumamosi. Nyumba iko katikati ya mikakao na migomba. Sebuleni, juu ya kiti cha karibu na mlango, kulikuwa na begi dogo jeusi, na pembeni yake mchele wa kupeleka msibani, umefungwa kwenye kitenge kwa fundo mbili. Hakuna aliyeuondoa. Mkewe alinitengea ndizi na chai, nikashindwa kumeza, mzee akanisisitiza nile kwanza. Kisha akasema, "Sasa nisomee hiyo karatasi yenyewe." Nikaitoa, nikamsomea taarifa ya wajumbe neno kwa neno, nikimtafsiria. Akanirudisha kwenye mstari mmoja. "Hapo. Wamesema watakutana tena?" Ndiyo, mzee. "Watu waliosema watakutana tena, mwanangu, wamevunja nini?"

Sikuwa na jibu. Tulitangaza marekebisho Jumatatu yake. Yalichukua sekunde ishirini.

Sasa, vitenzi vyenyewe. Mazungumzo yanaweza kuahirishwa, kukwama, kusitishwa na upande mmoja, au kuvunjika, na haya ni mambo manne tofauti. Nchi inadai, mahakama inaamua. Mpatanishi haamui. Mwishoni mwa 2012 suala hili lilipelekwa kwa jukwaa la marais wastaafu wa Afrika chini ya Joaquim Chissano, akiwa na Thabo Mbeki na Festus Mogae. Mkisikia mtu anaulizia "hukumu ya Chissano", msahihisheni pale pale. Na Machi 2013, miezi saba baada ya mimi kuwapeleka askari mpakani kwa mdomo, Baraza la Usalama lilipitisha azimio 2098 lililounda brigedi maalumu ya kupambana na makundi yenye silaha mashariki mwa Congo. Nchi tatu zikatoa askari: Afrika Kusini, Tanzania na Malawi, chini ya kamanda Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Nchi mbili zenye mgogoro wa ziwa zilikuwa kwenye mahandaki ya upande mmoja kule Kivu. Hiyo ndiyo diplomasia mnayotakiwa kuiona, na haimo kwenye kichwa cha habari chenye neno "vita".

3. Hague, yaani Mahakama ya Kimataifa ya Haki inayoamua kesi kati ya nchi na nchi, haiokoti kesi njiani. Lazima nchi zote mbili ziwe zimekubali kuhukumiwa. Malawi ilishaweka tamko la kuikubali mahakama hiyo kwa ujumla, Tanzania haijaweka, kwa hiyo bila makubaliano mapya kati yao hakuna kesi. Someni ya Botswana na Namibia juu ya kisiwa cha Kasikili, ambacho Botswana inakiita Sedudu. Walikubaliana mwaka 1996 kwenda pamoja, na Desemba 1999 majaji wakatoa hukumu kwa kutafsiri mkataba huu huu wetu wa 1890, ibara nyingine tu. Kisiwa wakapewa Botswana, lakini mahakama ikasema vyombo vya raia wa nchi zote mbili vitendewe sawa kwenye mikondo inayokizunguka. Kwa wavuvi wa usipa wa Kyela na Ludewa, hiyo sentensi ya mwisho ni habari kubwa kuliko mstari wenyewe, na sijawahi kuisikia kwenye buletini yetu hata mara moja.

4. Baraza la Usalama lina azimio, lina taarifa ya rais wa Baraza, lina taarifa kwa vyombo vya habari. Semeni ni ipi. Azimio 2773 la Februari 21, 2025 lilitaja jeshi la Rwanda kwa jina na kulitaka liache kuwasaidia waasi wa M23 wa Congo. Wasiwasi wa msemaji ni wasiwasi wa msemaji.

5. Ziwa kwetu ni Nyasa, kwao ni Malawi. Mkimnukuu Mmalawi, msimbadilishie neno mdomoni.

6. Kabla ya kuandika neno "mpaka", pigeni simu Kasumulu. Msiishie kwa afisa; mpigieni na dereva wa Hiace, muulizeni amepakia abiria wangapi leo. Namba tatu nimeshazibandika juu ya meza ya buletini, na Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa na nakala za Ibara ya 1 na ya 6 kwa Kiswahili. Njooni na kalamu.