Paa na mabomba kabla ya rangi

Ndugu yangu, umeuliza ninyi wapangaji wa maghorofa ya umma hapa Moshi mtangulize nini, maana fedha za matengenezo hazitoshi na wengi wanataka kuta za nje zipakwe rangi. Kwa maoni yangu, anzeni na paa pamoja na mabomba ya majitaka. Masika ya huku huanza Machi na kuendelea hadi Mei, na maji yakipenya kwenye zege hufikia nondo, nondo hushika kutu na kuvimba, kisha zege hupasuka na kumeguka. Tena rangi mpya juu ya ukuta wenye unyevu hubanduka upesi. Nyaya za umeme zilizo wazi zisisubiri kikao chochote. Kabla ya kupiga kura, piteni mlango kwa mlango, hasa kwa wazee wa ghorofa ya juu, kwani hao ndio wanaovujiwa na mara nyingi hawawezi kushuka kuja kikaoni, jambo ambalo huniuma sana. Andikeni kila kasoro na tarehe yake, mpige picha, kisha mpelekeeni meneja barua moja iliyosainiwa na wote, nanyi mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.