Anza na namba ya meli, si jina

Ndugu yangu, unaitafuta meli ya moshi aliyopakia kama baharia marehemu babu yako Kilindini, na ulicho nacho ni jina tu. Jina litakupoteza: meli zikiuzwa zilibatizwa upya, na wazee wetu wa Mji wa Kale walizitamka kivyao. Kama ilisajiliwa Uingereza, tafuta namba yake rasmi. Zilianza kutolewa 1855, na namba haibadiliki hata meli ikibadili jina mara tatu. Orodha za mabaharia za 1863 hadi 1938 zimepangwa kwa namba hiyo. Nyingi zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Memorial, Newfoundland, Kanada. Waandikie. Huenda ukamkuta babu mwenyewe humo, na mshahara wake. Nakuombea sana umpate.