Re: Bot inarudia habari zilezile za korosho kwenye grupu

Mambo mkuu, nimekusoma. Yaani feed (orodha ya habari mpya ambayo tovuti huitolea programu) inasomeka fresh ila kila saa bot, ile programu inayotuma yenyewe, inamwaga habari zilezile kwenye grupu la Telegram mpaka wakulima wa Newala wanajitoa. Lilishanikuta hapa Mtwara, tangazo moja la mnada lilitoka mara sita kabla ya mchana, wazee wakajua minada ni sita kweli.

Skripti yako sijaiona, ila anza na guid. Fungua feed kwenye brauza, kila habari kwa kawaida huwa na guid yake, yaani alama ya kuitambulisha isiyofanana na ya nyingine, hiyo ndo uitunze kwenye faili habari ikishatumwa, usilinganishe vichwa maana mhariri akigusa neno moja tu bot inaona habari mpya. Halafu cheki faili lenyewe linakaa wapi! Mimi nililiweka /tmp, folda ya mafaili ya muda, kwenye kilaptop changu cha Linux kisicho na betri, umeme ukikatika kikiwaka tena faili limefutika, bot inaanza kutuma upya. Nikalihamishia home, folda yangu mwenyewe isiyofutwa, kimya.

Kama unachuja kwa pubDate, yaani tarehe na saa habari ilipotoka, saa za feed nyingi ni GMT, sisi tuko masaa 3 mbele, usipozioanisha bot inakosea habari ipi ni mpya. Bandika hapa kipande cha feed tukione.